Nifute Upi?

Chumba cha juu,
nyuma ya duka la dobi,
Jumapili asubuhi.

Mdogo wangu mpendwa,

Naanza na salamu, maana wewe ukipata barua isiyo na salamu unadhani kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Hujambo wewe? Mgongo unasemaje? Uliniambia yule bibi mnene unayemhudumia sasa anataka kugeuzwa kitandani kila mara, na mwenzako wa zamu akija amechelewa ana visingizio vingi kuliko mikono. Usimwinue peke yako. Wewe ulizaliwa na kiuno cha karatasi, Mama alikuwa akisema hivyo hata ulipokuwa unabeba ndoo nusu. Na shemeji je, kifua kimetulia, au bado anakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta?

Huku tuko wazima. Mama anakula, anasali, anagombana na redio. Redio ikisema kutanyesha anaibishia, ikinyesha anasema yeye ndiye aliyesema. Mvua imeanza kweli, nguo hazikauki, na bosi wangu Mzee Kola haongeleki. Unamkumbuka, yule anayekagua kola ya shati lako kwanza ndipo akuamkie.

Mimi sijambo, ila nina ganzi. Si ganzi ya mkono, ile ya kushika pasi siku nzima nimeizoea. Hii ni ya mtu mzima. Imenishika tangu simu yetu ile. Naamka, naanika, napiga pasi, nakula nilichowekewa, nalala. Nikijichoma na pini za vibandiko vya namba za nguo natazama tu kidole. Sijalia, kama ndicho unachotaka kujua. Nilikaa kitandani nikingoja nilie, nikaona muda unapita na mashuka ya wateja yamo kwenye beseni, nikashuka.

Utaona humu naandika "mtoto". Si kwamba nimekuwa mgeni. Neno "mwana" ukishalitamka linadai mkia, na mimi siku hizi sijui niweke mkia gani. Nikitaka kuandika "mwanao", mkono unakuwa mzito. Nikitaka kuandika "mwanangu", nauona uso wako. Basi nitaandika mtoto, au Sisimizi, jina alilopewa na Mama kwa sababu ya kubeba makombo ya mkate na kuyaficha chini ya mto. Bado anaficha vitu. Sasa hivi ni penseli.

Ulisema chumba kiko tayari, shemeji amekipaka rangi ya njano, shule iko mwendo mfupi kutoka mlangoni. Ulisema hutaki kunipokonya mtu. Maneno yako nayakumbuka yalivyo: muulize mwenyewe, dada, ni mkubwa sasa, achague kuja kwangu au kubaki kwako, na atakalosema nitaliheshimu. Kisha ukaongeza kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nilikuwa na methali ya kukujibu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Ilinifika kooni nikaimeza, maana wewe hukwenda huko kutembea, ulikwenda kutafuta, na tulipanga wote wawili na Mama akiwepo. Nikakuambia sawa, nitamuuliza.

Sasa unangoja jibu lake, na mimi sijamuuliza. Ndiyo habari ya barua hii. Sababu yake ni ya hesabu, na najua hesabu na mimi tulivyokuwa paka na panya, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Mwalimu wao wa hisabati ni kijana mrefu, mpole, shati lake halikosi chaki mgongoni kwa kuegemea ubao. Wanafunzi wanamwita Chaki na yeye anajua, anaitika. Muhula huu anawafundisha kitu kinachoitwa fanksheni. Usinicheke, niliposikia nilidhani ni kipuri cha gari.

Jioni moja, kabla ya simu yako, mtoto alinieleza huku nakunja mashuka. Unachora miduara miwili. Wa kushoto unatia watu au vitu, wa kulia unatia vingine, halafu unachora mishale kutoka kushoto kwenda kulia kuonyesha nani ni wa nani. Mishale yoyote, hata ikienda ovyo kama kuku walioachiwa, huo wanauita uhusiano. Lakini ili uhusiano upande cheo uitwe fanksheni, kila aliye kushoto lazima awe na mshale, na uwe mmoja tu. Asiye na mshale anaharibu. Mwenye mishale miwili naye anaharibu.

Nikamwambia basi wale mapacha wa muuza maziwa, walio darasani kwake, wanaharibu, maana wote wawili mishale yao inaishia kwa mama mmoja. Akacheka. Akasema hapana, Mama, mishale miwili kumwangukia mtu mmoja haina neno, mishale miwili kutoka kwa mtu mmoja ndiyo kosa. Nikasema mimi sioni tofauti, mshale ni mshale. Akaweka kalamu, akachukua shati kwenye kapu.

"Hili lina namba ya mwenyewe?"

"Linayo."

"Mtu mmoja anaweza kuleta mashati mengi?"

"Hata gunia, mradi asilete usiku."

"Na shati moja linaweza kuwa na namba mbili?"

"Mzee Kola atanifukuza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitajua nimpe nani."

"Basi ndiyo hiyo fanksheni, Mama. Ukishika shati, hujiulizi."

Nikaelewa. Nimefika umri huu, nikaelewa hesabu nimesimama na shuka mkononi, na nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu alichokuwa hajui kimepotea. Nikawa naangalia kila kitu dukani, hiki fanksheni, hiki siyo. Vifungo na matundu yake, fanksheni. Soksi na wenzake, afadhali tusiseme.

Kisha ukapiga simu, na sikuwaza tena habari ya mishale.

Baada ya hapo Chaki akawapa kazi ya nyumbani. Kushoto waandike wanafunzi kadhaa wa darasa lao na wao wenyewe wakiwemo, kulia mama zao, wachore mishale, waseme kama uhusiano huo ni fanksheni na kwa nini. Alichagua mama makusudi. Kwa upande wa baba aliona wengine hawaonekani, wa kwetu akiwemo, na hakutaka kumtonesha mtoto wa mtu kidonda. Kwa mama alidhani pana usalama.

Nikaitwa shuleni. Mzee Kola alinipa ruhusa shingo upande. Ofisi ya walimu ni chumba chembamba, madaftari yamepangwa mpaka dirishani, feni inazunguka na hakuna upepo. Chaki akanipa kiti chake, yeye akakaa kwenye kona ya meza. Akanionyesha mchoro.

Ulikuwa safi, unajua mkono wake. Mapacha wapo, mishale yao inakwenda kwa mama yao mmoja. Mtoto wa kinyozi yupo, mshale mmoja. Wengine, mshale mmoja mmoja. Chini kabisa yupo yeye, na kutoka kwake imetoka mishale miwili. Mmoja umekwenda kwa "Mama". Wa pili umekwenda kwa "Mama Simu".

Mama Simu ni wewe. Najua unajua. Alikuita hivyo tangu alipoanza kusema, kwa kuwa alikuona unatokea humo, na tulicheka sote mpaka wewe ukalia. Chaki alikuwa hajui. Alidhani Mama Simu ni jirani anayeuza simu, amechorwa kwa heshima.

Nikamweleza. Akakuna kichwa, chaki ikaingia kwenye nywele. Akasema, mama, hesabu yake haina kosa hata chembe. Ameandika hapa chini kwamba huu ni uhusiano lakini si fanksheni, kwa sababu kuna mmoja mwenye mishale miwili. Kanuni ameielewa kuliko wenzake wote. Lakini mtu ana mama mzazi mmoja. Mama mkubwa ni mama, nakubali, ndivyo tunavyosema na ndivyo tulivyolelewa, ila hapa tuko kwenye hisabati. Nimemwambia afute mshale mmoja nimpe alama zake. Amekataa. Hajawahi kunikatalia kitu, ndiyo maana nimekusumbua.

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningejua pa kuanzia. Nikamwambia nitazungumza naye, nikamshukuru kwa kiti.

Njiani mvua ilikuwa ya rasharasha, sikufungua mwavuli. Nilikuwa najisemea kimoyomoyo yale aliyoandika mtoto: uhusiano, lakini si fanksheni. Nikapita duka la miwani, nikapita pale wanapochonga mihuri, nikawa nayasema tu. Niliona ndiyo sisi. Mimi na yeye, uhusiano. Mtu akiuliza nani wake, mshale wa kweli unakwenda mbali, wangu ni wa heshima. Nilidhani kuwaza hivyo kutauma. Haikuuma. Nilifika nikabadili viatu.

Nikamkuta anatia mashati yaliyokauka kwenye vining'inizo. Nikawasha pasi, nikachukua shati la bwana mmoja wa benki ambaye Mzee Kola anamwogopa, nikaanza na kola. Bila kumtazama nikamwambia nimetoka shuleni, mwalimu amenieleza yote, ni hesabu tu hiyo, afute mshale mmoja yaishe.

Akaenda kwenye begi lake. Akarudi na raba ya kufutia, akaiweka juu ya meza ya kupigia pasi, karibu na mkono wangu.

"Nifute upi?"

Hakusema kwa kiburi, mdogo wangu. Aliuliza kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Mimi nikabaki naitazama raba. Ilikuwa imelika upande mmoja na ina alama za meno. Nikasikia harufu, nikajua kola inaungua, na bado mkono sikuuondoa haraka.

Kisha akasema tena, polepole. Siku ile ulipopiga alikuwa kwenye ngazi ameshika beseni. Simu yangu unaijua, haisikiki mpaka niweke spika, mtaa mzima unajua rangi ya chumba cha njano. Alisikia vyote. Alisikia "muulize achague", na alinisikia mimi nikisema sawa. Akaniambia, "Kila siku nikitoka shule, nikifika kwenye ngazi nadhani leo ndiyo utaniuliza. Mama, naomba usiniulize."

Hapo ndipo mtu wa kawaida angelia. Mimi nilichomoa pasi kwenye umeme. Nikamwambia sawa, lile lile "sawa" nililokuambia wewe, sina jingine siku hizi. Akachukua raba yake akairudisha kwenye begi, tukamaliza vining'inizo. Shati la benki nilimpelekea Mzee Kola mwenyewe, nikamwonyesha. Aliitazama ile alama, akanitazama mimi, akasema nikakae. Kwa Mzee Kola huko ni kukukumbatia.

Sasa nikueleze kisa cha sweta, maana kimo katika hili. Wiki iliyofuata likatokea jambo ambalo dukani kwetu halitokei. Sweta moja ya kijivu ilikutwa na namba mbili. Moja nilibandika mimi, nyingine alibandika fundi wa mashine, na ukiniuliza niliwaza nini wakati nabandika, ni ile ganzi. Wakaja wanawake wawili, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja anasema ni yake. Kumbe wanakaa nyumba moja, wanavaliana nguo, na sweta yenyewe kila mmoja ana haki nayo, mmoja aliinunua, mwenziwe aliirekebisha mikono na kuivaa miaka. Mzee Kola akatoka nyuma. Nikadhani ataanza hotuba ya namba moja nguo moja. Akawaelekeza kwenye benchi la wateja, akawaambia kaeni hapo muelewane, mkimaliza mniambie niandike namba gani. Wakakaa. Walinong'ona, mmoja akafuta macho, mwishowe wakacheka, wakatoka nayo imekunjwa kwenye mfuko mmoja.

Ninachokumbuka mimi ni kwamba hakuna aliyeiuliza sweta.

Usidhani namfananisha mtoto na sweta. Mtoto ana mdomo, na ndiyo hatari yenyewe. Ukimuuliza atajibu. Atajibu ili asimuumize aliye mbele yake wakati huo, na mbele yake ningekuwa mimi. Halafu maisha yake yote angebaki na raba mkononi, anajua alimfuta nani.

Jambo la mwisho la mishale ni la juzi. Alirudi kutoka shule mapema, viatu vimeloa, hakusalimia hata Mama. Alikuwa ameshika karatasi. Akaniambia amemuuliza Chaki, je, mishale ikigeuzwa? Kama ikitoka kwa mama kwenda kwa watoto? Chaki akafikiri, akamwambia kwa darasa zima haitafaa, maana mama wa mapacha atatoa mishale miwili, sasa yeye ndiye atakayeharibu. Lakini kwa nyumba yenu peke yake, akasema, chora tuone.

Akachora. Akaniwekea mbele yangu, juu ya mashuka. Kushoto, Mama na Mama Simu. Kulia, yeye peke yake, amejichora na vile vimkia vya nywele. Kwako umetoka mshale mmoja. Kwangu umetoka mshale mmoja. Yote miwili imemwangukia yeye. Kushoto hakuna aliyebaki bila mshale, na hakuna mwenye miwili. Chini Chaki ametia alama ya vyema kubwa kwa wino mwekundu, na ameandika neno moja, fanksheni.

Nikamuuliza umefuta nini.

"Sijafuta kitu. Watu ni walewale. Nimebadilisha tu nani anaanza."

Akaenda kutafuta mkate. Mimi nikabaki na karatasi. Unajua mguu ukifa ganzi kwa kuukalia, ukianza kuamka unavyouma kuliko ulipokuwa umekufa. Ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa juu ya mashuka ya watu, ambayo nilikuwa nimeshayanyoosha, nikalia kidogo. Si sana. Bado sehemu kubwa imelala, na labda ni heri, maana kazi ziko nyingi.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hili, na naliandika badala ya kupiga simu kwa sababu ya ile spika. Sitamuuliza. Na wewe nakuomba usimuulize, hata kwa mzaha, hata akija mwenyewe kwenye simu ana furaha. Tukimuuliza, yeye ndiye anayeanza, na akianza yeye lazima mmoja wetu afutwe. Tuanze sisi. Sisi ndio wakubwa, hata kama wewe kiuno chako ni cha karatasi.

Njoo likizo. Omba ruhusa kwa hao wazee wako, watageuzwa na mwingine kwa muda. Njoo tukae kwenye benchi la wateja mimi na wewe, Mzee Kola atatuachia, nimeshamwuliza. Tuseme yote, hata ile ya uchungu na ile ya kulea, tugombane kama tulivyogombana enzi zile za kugombea kitana. Tukimaliza tumwambie tumeamua sisi. Akija kwako, ajue mimi ndiye niliyemfungia begi. Akibaki, ajue wewe ndiye uliyesema abaki. Akikasirika, atukasirikie sisi, mabega tunayo.

Usije ukasema nilikuficha, nakuambia kabisa kwamba mimi nataka abaki. Nimeona haya kuliandika, lakini nimeliandika. Akitoka sijui nitampikia nani, na naogopa ngazi zile zitakavyokuwa kimya jioni. Kanuni inasema wa kushoto asibaki bila mshale, na mimi sina mwingine wa kumwelekezea. Lakini najua na wewe huna. Najua umekuwa ukiuelekeza huo mshale wako kutoka mbali miaka yote hii, kwa simu mbovu, kwa mgongo mbovu, na hakuna siku ulipopinda. Kwa hiyo siji kwenye benchi kukushinda. Tukikaa hapo nikaona kwamba njia ni chumba cha njano, nitamfungia begi kwa mikono hii hii, na penseli zake zote nitazitoa chini ya mto.

Mama anakusalimu sana. Nilimweleza habari ya mishale, akasema siku zetu mtoto alikuwa wa wote na hakuna aliyechora. Kisha akaniomba nimsomee tena. Mjomba fundi saa anakusalimu, anasema ile saa yako ya mkononi imepona, ila anaivaa yeye mpaka utakapokuja, isije ikasahau kutembea. Shangazi naye anakusalimu kutoka kitandani, miguu bado, mdomo mzima. Kaka yetu amesema atakuandikia, nawe unajua barua za kaka, tutazisoma ahera. Msalimie shemeji, mwambie rangi ya njano nimeisikia na inaonekana ni nzuri. Mwambie pia asiipake tena mpaka tuzungumze.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, aushike mgongo wako, akupe wepesi kwa hao unaowageuza, na akulete salama.

Mwanetu anakusalimu. Neno hilo limetoka lenyewe, nimerudi nikalisoma, nimeliacha lilivyo.

Wako akupendaye,
dada yako, na mama mwenzako.